Sukari Guru ya Nadhiri

Hebu mtie machoni mwanamke huyu anavyoingia Tingi. Ni mwaka wa hamsini na sita, saa nne za asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Lori la mahindi limemshusha barabarani, naye amekata njia ya katikati ya mihogo kwa miguu, viatu mkononi. Ni Mhindi wa pwani, mnene, mtandio mweupe umemlowa jasho shingoni. Hatembei katikati ya njia. Anatembea pembeni kabisa, majani yakimchanja miguu, kama mtu anayempisha mwenzake, na njia yote hiyo haina mtu. Akifika penye mlango wa ua atapita ubavu ubavu, ijapokuwa mlango wenyewe watu wawili wenye mizigo kichwani wangepishana pasipo kugusana.

Mkononi hana zawadi. Alifunga ratili tano za sukari alipoondoka, lakini gari liliposimama Nangurukuru akaigawa yote kwa akina mama wauza mihogo. Alijiuliza, mtu kama mimi, sukari kwenye nyumba ile naiingizaje?

Jina lake Kulsum binti Jafferali, mke wa Mohamedhussein wa Lindi. Amekuja kusema neno moja kwa mzee anayeitwa Kibwana, neno alilolikalia miaka kumi na minane. Anajijua. Leo likimshinda, halitatoka tena mpaka sanda.

Ili tumwelewe, turudi naye Kilwa Kivinje, dukani kwa baba yake, siku ambazo yeye alikuwa kitoto cha kukaa juu ya magunia.

Jafferali alikuwa akinunua ufuta, nta na mahindi kwa wakulima walioshuka kutoka milimani. Na mizani yake, ile ya mbao mbili zilizoning'inizwa darini kwa minyororo, ilikuwa mkononi mwa Kibwana. Kushika mizani si kazi ya nguvu, ni kazi ya jina. Mkulima aliyetembea siku mbili na mzigo wake hakuweza kusoma alama za mawe ya kupimia, ila sauti ya Kibwana aliijua. Kibwana alikuwa akitaja uzito kwa kuimba, akilivuta neno la mwisho mpaka lifike ng'ambo ya barabara, na alichokiimba yeye hakuna aliyekirudia kukipima. Watu walisema, "Kaimba Kibwana," basi, neno limekwisha.

Mama yake Kulsum, kabla hajampata binti huyu, alizika wavulana wawili. Wote wawili walikuwa wembamba, wote wawili waliondoka kabla hawajasimama dede. Alipozaliwa Kulsum, mama akashika shauri lake mwenyewe: mtoto mwenye nyama, mauti humwona mzito kumbeba. Akamlisha. Maziwa na samli asubuhi, chapati ya asali saa nne, ladu za unga wa dengu kabla ya kulala. Mtoto akilia, chakula. Akinyamaza mno, chakula. Majirani wakija wanambinya mashavu wakisema, "Mashallah, kanawiri," na mama anamfunga uzi mweusi mwingine mkononi kumkinga na vijicho. Tena akaweka nadhiri kwa Mungu: binti huyu akitimiza miaka kumi, atapimwa kwenye mizani ya dukani, na uzito wake utatolewa sadaka ya sukari guru kwa maskini na mayatima.

Mwenyewe Kulsum hakuwa na habari kama unene ni kitu. Mtu hajui ana mgongo mpaka uanze kumuuma. Siku iliyomwanzia ni ile ya mwaka wake wa tisa. Duka lilijaa, wakulima wanasubiri zamu, na Kibwana, ambaye alikuwa mtu wa mzaha na mwenye kuwapenda watoto, akamnyanyua akamkalisha ubaoni. Akaongeza mawe upande wa pili, akaongeza tena, kisha akaimba:

"Frasila tatuuu, na ushee wakeee!"

Frasila moja ni kama ratili thelathini na tano, na mtoto ana tatu. Duka zima likacheka. Baba alicheka, mama alicheka nyuma ya pazia kwa fahari. Kulsum naye alicheka, maana hakujua bado kwamba anayechekwa ni yeye.

Alijua kesho yake, chuoni walikosomea Kurani. Jina lilimtangulia kufika. Alipotaka kuketi, msichana mmoja akasema, "Frasila Tatu, kaa katikati, mkeka usije ukapinduka." Mwingine akasema, "Mwacheni, akiinama kusoma Juzuu atashindwa kuinuka, tutamwita Kibwana na minyororo yake." Mwalimu mwenyewe alificha kicheko ndani ya ndevu, na hicho ndicho kilichomchoma zaidi.

Tangu hapo kila asubuhi tumbo lilimuuma. Si uongo wa mtoto mvivu, lilimuuma kweli, akajikunja mpaka machozi. Usiku hakupata usingizi, alilala akiyarudia maneno ya watu mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Akaanza kupita ubavu ubavu milangoni. Akaacha kuimba, naye alikuwa mwimbaji. Mama akaona mtoto kapatwa na kijicho, akamwandikishia kombe, maandishi ya zafarani kwenye sahani, yakaoshwa akanywa. Halafu akamwongezea chakula. Na Kulsum alikula, tena alikula kwa pupa, maana alipokuwa akila ndipo zile kelele za kichwani zinatulia. Akimaliza zinarudi, zimekuja na wenzao.

Basi ukafika mwaka wa kumi. Mama akatangaza: Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, Ijumaa ya kwanza baada ya sala, nadhiri itatimizwa. Jafferali akaagiza makanda manne ya ukindu yaliyojaa sukari guru, yakapangwa stoo, yakafunikwa jamvi.

Kulsum alimfuata mama yake jikoni. "Mama, nisipimwe."

"Nadhiri ya Mungu haina nisipimwe."

"Basi nipimwe humu ndani, mimi na wewe na baba."

"Maskini wa Kivinje wote niwaingize chumbani kwangu? Watu waone, mwanangu. Waone Mungu alivyonipa." Na mama akamkumbatia, mikono imejaa unga. Alikuwa akimpenda. Kama hukulielewa hilo, kisa hiki hutakielewa.

Mtoto akaona njia iliyobaki ni moja, awe mwepesi kabla ya siku hiyo. Na Ramadhani ilikuwa inaandama.

Kwao Mashia msichana akitimiza miaka tisa saumu inamlazimu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshangaa. Lakini Kulsum alifunga kuliko kufunga. Daku hakuamka, alijifanya amelala fofofo. Futari aliitia mdomoni akaenda kuitema uani, nyingine akaificha kwenye mtandio akawapa kuku wa jirani. Juma la kwanza likapita, na mama akawa anajisifu kwa wageni: "Huyu wangu si mtoto, ni walii. Hata tende hazitaki." Wanawake wakamwomba awaombee dua. Nao wakimwomba, anainama chini, uso unamwaka moto, maana alijua saumu ile si ya Mungu. Alikuwa akimfungia Kibwana na mizani yake. Aibu ya mwili ilikuwa moja, sasa zikawa mbili.

Siku ya kumi na saba, baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala kwa saumu. Baba alikuwa amemtuma stoo kuleta chombo; mchana Kibwana aliiacha wazi, akaifunga jioni. Pale stoo harufu ya guru ilikuwa imesimama kama mtu. Kulsum alichutama nyuma ya makanda. Alijiambia atanusa tu. Kisha akapitisha kidole chini ya kanda la mwisho, kwenye ukindu uliolegea, akachokoa kipande kama punje ya hindi, akakitia mdomoni.

Mambo yaliyofuata aliyakumbuka baadaye kama mtu anayekumbuka homa. Alikula mpaka vidole vikanata. Alikula sadaka ya mayatima, mchana wa Ramadhani, akiwa ni walii wa mama yake. Alipomaliza hakuhisi utamu wala shibe. Alihisi kwamba sasa lile jina ni la haki. Na kesho yake alirudi. Na kesho kutwa, mpaka mwezi wa nadhiri. Ungedhani aibu ingemzuia, kumbe aibu ndiyo iliyokuwa ikimpeleka.

Ikafika Ijumaa ya Mfunguo Pili. Baraza lilijaa mpaka barabarani, wazee wa jamaati, jumuiya yao, kwenye viti, maskini wameketi chini na vikapu vyao, watoto wa chuo mbele kabisa. Makanda yakatolewa. Matatu yalikuja mazito, la nne likaja limelegea kama kanzu ya maiti. Jafferali akalipindua. Nusu yake haikuwapo.

"Ufunguo wa stoo anao nani?" aliuliza, na jibu analijua.

"Ninao mimi," Kibwana akasema.

"Guru iko wapi?"

Kibwana alilishika kanda akaligeuza chini juu, akalitazama kitambo. Kisha akainua macho, na macho yake yakamfikia Kulsum aliyesimama mlangoni na gauni jipya la kijani. Yakatulia hapo kiasi cha mtu kuhesabu mpaka tano. Kulsum alifungua mdomo. Alizitazama nyuso za wale watoto wa mbele, zote zimemwelekea, zinasubiri kitu cha kuchekea. Akaufunga mdomo.

"Labda panya," Kibwana akasema.

"Panya wa miguu miwili," akadakia mmoja wa wazee, na baraza likaguna.

Jafferali hakupiga kelele, laiti angepiga. Alinyoosha mkono, akachukua ufunguo, akasema, "Cha kwangu ungekula, ningekusamehe. Umekula cha Mungu." Kibwana akavaa kofia yake, akashuka ngazi za baraza, watu wakimpisha kama wanavyompisha mwenye ugonjwa.

Nadhiri ikaendelea. Guru ikaletwa kutoka duka la pili kufidia. Kulsum akakalishwa ubaoni, na mtu mwingine asiyejua kuimba akasoma uzito kwa sauti kavu: frasila tatu na ratili kumi na mbili. Alikuwa amezidi. Watoto walicheka walivyotaka, na safari hii hakuwasikia. Alikuwa akitazama barabara aliyoondokea Kibwana.

Mshika mizani aliyekula sadaka hapati tena mizani pwani yote. Habari zikasema Kibwana amehamia Tingi, analima.

Kulsum akakua, akaolewa Lindi. Mohamedhussein ni mume mpole, hakuwahi kumwita jina baya. Lakini harusini Kulsum hukaa nyuma ya nguzo. Chakula cha watu anakigusa kwa ncha ya kidole, kisha anakuja kula nyumbani peke yake, amesimama, ameupa mlango mgongo. Mpiga picha alipokuja Lindi familia yote ilipigwa, yeye akasema ana kazi jikoni. Kuna siku huamka na hana hamu ya kufungua hata dirisha, na akiulizwa anasema ni kichwa. Mumewe alishamnunulia dawa za kichwa za kila rangi.

Yote hayo angeweza kuyabeba mpaka mwisho. Kilichomwondoa Lindi ni binti yake, Gulbanu, mwenye miaka tisa. Naye ni mnene, naye ameshapewa jina na watoto wa mtaa, jina ambalo mama hakulitamka hata kwa mumewe. Mwezi uliopita Kulsum alimfumania nyuma ya magunia ya mchele, uso ameuelekeza ukutani, anakula makombo ya halua kwa haraka, mabega yakimtetemeka. Mama akaja juu kutaka kumfokea. Ila machoni aliona lile kanda la Kivinje, limetobolewa chini.

Ndipo akafunga safari. Gulbanu akamwacha Kivinje kwa bibi yake, ambaye tangu jana hajaacha kumpikia, na yeye akapanda lori la Tingi.

"Hodi hapa."

"Karibu, starehe." Aliyeitika ni mwanamke wa makamo anayepeta kunde kwenye ungo. Ni Biasha, mke wa Kibwana. Alimtazama mgeni juu mpaka chini, akasogeza kigoda, kisha akakiondoa akaleta kitanda cha kamba. Hakuwa na nia mbaya. Kulsum alijua kigoda kimeonekana hakitamfaa, akakaa ukingoni mwa kitanda, nusu ya mwili hewani.

"Mwenye nyumba yuko shamba, anakuja sasa hivi. Kula kwanza." Biasha akamwekea mihogo ya kuchemsha na karanga.

"Ahsante mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini, vumbi la lori? Mtu kama wewe ukikataa chakula majirani watasema Biasha ana mkono mchungu."

Mtu kama wewe. Kulsum alitabasamu, tabasamu lake la siku zote la kuwasaidia watu wamcheke pasipo taabu.

Kibwana akaingia na jembe begani. Nywele zimekuwa nyeupe, goti moja halikunji. Kulsum akainuka.

"Shikamoo, baba."

Kibwana alisimama kidogo. Kwao dukani watoto wa tajiri hawakufundishwa kumwamkia mshika mizani. "Marahaba," akasema taratibu. "Marahaba, binti Jafferali. Baba hajambo?"

"Alifariki mwaka juzi."

"Mungu amrehemu." Akaketi, akaegemeza jembe. "Nasikia uliolewa Lindi. Umetoka huko kuja kunipa habari ya msiba?"

"Hapana." Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Nangurukuru yalikimbia yote. Akasema kama yalivyokuja. "Guru ile niliila mimi. Ulifukuzwa, nikanyamaza. Nimekuja kukuomba radhi."

Ungo wa Biasha ukasimama.

Kibwana alisugua goti. "Nalijua."

"Ulijuaje?"

"Kanda lilitobolewa chini, tundu la kidole, tena kidole kidogo. Mimi niibe kwa tundu, na ufunguo ninao?" Alicheka kwa pua. "Ni wizi wa mtu anayejificha hata nafsi yake."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya baraza lile? Jina la frasila nilikupa mimi, bibie. Nilifanya mzaha wa siku moja, nikaona mwaka mzima unavyopita dukani umejikumbatia tumbo kama mtu aliyeficha maiti. Nikasema, nikimwongezea na la wizi, mtoto huyu watu watakuja kumtoa kisimani." Akachokoa udongo kwenye jembe. "Lakini usinifanye mtu mwema sana. Nilidhani baba yako atanuna siku tatu, kisha aniite. Ningemnong'oneza yeye peke yake. Hakuniita, nami nikaona haya kurudi."

"Kwa hiyo hukuiba," Biasha akasema. Hakuwa akimtazama mgeni.

"Sikuiba."

"Miaka yote hii ukaniacha nikidhani."

"Hukuniuliza, mke wangu."

"Niliogopa kukuuliza. Niliogopa useme ndiyo." Biasha aliweka ungo chini, kunde zikamwagika kidogo, hakuziokota. Ndipo akamgeukia Kulsum, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko alipokuwa akimtania. "Tuna binti, Samia. Alikuwa ameposwa hapo Kivinje, na mahari yamesemwa. Wiki ile ile walirudisha neno. Hatuoi nyumba iliyokula cha Mungu, walisema hivyo hivyo, na yeye amekaa anasikia. Akaolewa Liwale, mke wa tatu. Namwona mara moja kwa miaka miwili."

Kulsum aliinama. "Nisamehe, mama."

"Mimi nakusamehe. Ulikuwa mtoto. Ila jina la mume wangu halikupotelea hapa Tingi, na mwiba hutokea ulipoingilia. Kesho asubuhi kuna lori linakwenda Kivinje. Twende sote watatu. Baada ya sala, pale pale barazani kwa baba yako, ukaseme kama ulivyosema hapa."

"Biasha, mwache," Kibwana akasema.

"Ameachwa miaka kumi na minane."

Kulsum aliliona baraza lile. Aliwaona watoto wa chuo, sasa ni watu wazima wenye maduka na ndevu, na jina la Frasila Tatu bado liko mdomoni mwao, linangoja kuchokozwa tu. Kisha akaona kitu kilichomtia baridi zaidi.

"Binti yangu yuko pale kwa bibi yake. Ana miaka tisa. Yeye naye..." Mkono wake ukaenda tumboni, ukamalizia sentensi. "Atasikia."

"Wangu naye alisikia," Biasha akasema.

Kuku wakazifuata kunde zilizomwagika na hakuna aliyewafukuza. Kulsum akavuta mtandio, akajifuta uso, kisha akasema, "Nitakwenda," kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Nyumba ya marehemu Jafferali haina mahali ambapo neno la barazani halifiki. Kesho Gulbanu atakuwa pale, na watu wakicheka atajua wanamcheka mama yake kwa kitu kile kile wanachomchekea yeye. Wasipocheka, atakuwa amesikia kwamba mama naye aliwahi kuchutama nyuma ya makanda, uso ukutani. Sasa wewe uliyemsindikiza Kulsum hadi hapa, niambie: kabla hajafungua kinywa, amtume mtoto mbali asisikie, au amshike mkono amketishe ubavuni mwake?